Nimemaliza Guards! Guards! ya Pratchett, sasa nisome gani?

JaNam_Kisumu

Habari zenu wadau. Nina swali, lakini kwanza mnivumilie nieleze, sababu hapa nyumbani sina mtu wa kuongea naye haya mambo na yamenijaa kifuani.

Kuna jamaa hutandaza vitabu vya mitumba kando ya Oginga Odinga Street, kwake huwa sipiti bila kuchungulia. Majuzi nikaona kimoja kava yake imejaa watu na joka, kila pembe kuna mtu anakimbia, nikalipa bila hata kusoma nyuma. Kinaitwa Guards! Guards!, mwandishi ni Terry Pratchett, Mwingereza, kilitoka 1989. Sasa mimi ni mtu wa riwaya za upelelezi, hizi za majoka na wachawi sikuwahi kugusa hata moja, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuna vitabu vya majoka vinavyochekesha. Nilifungua usiku nikisema nisome kurasa mbili tatu nilale, nikaja kushtuka jogoo wanawika, na mama watoto ameshaniuliza mara kadhaa kinanichekesha nini peke yangu usiku wote huo.

Kwa wale hawajakisoma: kuna mji unaitwa Ankh-Morpork, mchafu, wenye kelele, kila mtu anatafuta riziki yake. Kuna askari wa doria ya usiku, wamebaki wachache sana, hakuna anayewaheshimu, kazi yao ni kupiga kengele na kusema mambo yote shwari na wakisikia kelele mahali wanaenda upande ule mwingine. Bosi wao Kapteni Vimes, tunaanza naye akiwa amelewa amelala kwenye mtaro. Kisha anafika kijana Carrot, futi sita na ushee, lakini amelelewa milimani na mbilikimo na yeye mwenyewe amekua akijua ni mbilikimo kama wenzake. Babake amemtuma mjini awe askari, amekuja na kitabu cha sheria na amekihifadhi chote, na anaamini kama sheria inasema hivi basi ni hivi. Kazi kuanza tu, anamkamata mwenyekiti wa chama cha wezi! Kumbe huko wezi wana chama rasmi, wana kiwango cha kuiba walichokubaliana na serikali, na ukiibiwa unapewa risiti. Sasa mkuu wa wezi anashangaa, anakamatwa kwa kosa gani na yeye karatasi zake ziko sawa.

Halafu pale mbele kabisa, kabla hadithi haijaanza, mwandishi anasema kitabu hiki ni cha wale askari ambao kwenye hadithi za mashujaa kazi yao ni kuingia mbio chumbani, wamvamie shujaa mmoja baada ya mwingine na wauawe wote, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama walitaka. Nilirudia hiyo mistari kabla ya kuendelea. Nimeona filamu ngapi za namna hiyo na sikuwahi kuwafikiria hao watu hata siku moja.

Sasa maswali. Naona vitabu vya hiyo dunia yake, inaitwa Discworld, viko 41. Nirudi nianzie cha kwanza kabisa, ama nifuate hawa askari? Na je, kuna kitu cha aina hii kimeandikwa na watu wa huku kwetu? Na kama kuna mtu anaweza kunieleza, inakuwaje kitabu cha kucheka kinanifanya niwapende hawa watu hivi, mpaka nikiwa kazini nawaza Vimes anaendeleaje?

MwalimuWaShinyalu

Karibu sana ndugu yangu, umeingia kwa mlango mzuri kabisa. Mimi nafundisha Kiingereza huku Kakamega na nimesoma karibu vyote vya huyu mzee, kwa hivyo nitajibu kwa urefu.

Cha kwanza ni The Colour of Magic cha 1983, usianze nacho. Pale Pratchett alikuwa anayachezea matukio ya riwaya za fantasia zilizokuwa maarufu wakati wake, na wewe ambaye hujasoma hizo riwaya utakosa nusu ya kicheko. Kitu unachokipenda, yaani mji, watu wake, njaa zao na maringo yao, kilikuja kukomaa baadaye, na Guards! Guards! ambacho ni cha nane ndipo kinashika moto vizuri. Fuata askari. Baada ya hiki ni Men at Arms 1993, hapo kikosi kinaanza kuajiri mbilikimo wa kweli, na jitu la mawe, na dada mmoja anaitwa Angua ambaye siri yake sikwambii. Halafu Feet of Clay 1996, Jingo 1997, The Fifth Elephant 1999, Night Watch 2002, Thud! 2005 na Snuff 2011. Ukifika Night Watch utakuwa umemjua Vimes kiasi kwamba kicheko kitapungua na hutajali.

Kuhusu swali lako la tatu, hilo ndilo nimelitafuna miaka mingi. Mimi naona siri ni kwamba Pratchett hawachezei watu wake, anaichezea kanuni wanayoishi nayo, tena anaifuata mpaka mwisho kwa uaminifu. Chukua pale Sajenti Colon, mmoja wa wale askari wa Vimes, anataka kulipiga joka mshale. Kila mtu kwenye ile dunia anajua kwamba nafasi moja katika milioni hutokea mara tisa kwa kila kumi, si ndivyo ilivyo kwenye hadithi zote? Basi wale askari wanakaa juu ya paa wanapiga hesabu, wakiogopa kwamba shabaha yao si moja katika milioni kamili, na kama si kamili haitatokea, nani amewahi kusikia nafasi moja katika laki tisa na kitu imetokea? Kwa hivyo wanaanza kumwongezea Colon shida makusudi, asimame kwa mguu mmoja na mengine, ili iwe ngumu ya kutosha. Ukiangalia hapo hakuna mtu mjinga. Wanafikiri vizuri sana ndani ya kanuni iliyopinda, na sisi sote tunaishi hivyo kila siku, ndio maana unacheka na bado unawapenda.

Tena kumbuka joka likishakuwa mfalme. Kile kipande nilikisoma nikanyamaza. Joka linaua watu, linataka dhahabu, linataka kuletewa msichana wa kula kila mwezi, na wakubwa wa mji wanakaa mezani na hakuna anayepiga kelele, kila mmoja anatafuta maneno ya kulizoea lile jambo, anasema labda msichana hatatoka kwangu. Huyu mtu alianza kazi ya gazeti akiwa na miaka 17, baadaye akawa msemaji wa shirika la umeme la serikali ya Uingereza upande wa vituo vya nyuklia, akaacha 1987 awe mwandishi wa kutwa. Mimi naona ndipo alipojifunzia jinsi wakubwa wanavyoongea wanapoogopa.

SojaWaSection58

Mimi ni soja wa usiku hapa Nakuru, geti la ploti. Hii kitabu nililetewa na tenant mmoja anayesoma chuo, akaniambia mzee soma hii, imeandikwa juu yenu.

Nataka tu niongee juu ya ile mwisho, na kama hujamaliza ruka hii. Baada ya yote hayo, joka limeisha, mji umepona, mtawala Vetinari anawaita askari awape zawadi. Unajua wangeweza kuomba chochote. Wanajikuna vichwa, wanaangaliana, halafu wanaomba nyongeza kidogo ya mshahara, na birika mpya, na ubao wa kurushia vishale. Basi. Wale wakubwa wanashangaa ni hiyo tu.

Watu walisoma hapo wakacheka na mimi pia nilicheka, lakini mimi nilicheka nikijua. Ukikaa nje saa tisa usiku na baridi ya Nakuru hakuna kitu duniani kinashinda chai ya moto, na birika ni mali. Kampuni ile nilianza nayo haikutupa hata kiti. Huyu mwandishi kama hajawahi kulinda usiku basi alikaa na watu waliolinda akawasikiliza kabisa, maana hicho kitu huwezi kukitoa kwa kichwa. Kwa hadithi nyingine soja ni yule anapigwa rungu dakika ya kwanza ndio wezi waingie. Hapa ana jina, ana mguu unauma, ana mke anafanya kazi mchana wanaachiana barua. Sajenti Colon hivyo ndivyo ndoa yake iko na hivyo ndivyo yangu ilikuwa miaka mingi.

Kwa hivyo bwana JaNam fuata askari, usihangaike na zingine.

BintiWebuye

Mzee wa Section 58 nimekusoma mara mbili, asante sana kwa hiyo.

Lakini naomba kumpinga mwalimu kidogo. Kufuata askari peke yao ni kujinyima. JaNam ukishamaliza Men at Arms chukua Mort cha 1987. Humo Kifo ni mhusika, mifupa mitupu, ana farasi mweupe anaitwa Binky, na maneno yake yote yameandikwa kwa herufi kubwa, anatafuta kijana wa kumfundisha kazi ili yeye apumzike kidogo. Mimi nilikisoma mwaka tuliomzika nyanya yangu. Sikutegemea kitabu cha kuchekesha kinisaidie mambo ya matanga lakini kilinisaidia, kwa sababu Kifo wa Pratchett hana ukatili, anakuja tu kwa sababu saa imefika, na anashangaa sana jinsi binadamu tulivyo, anapenda paka, anataka kuelewa kwa nini tunacheka. Baada ya hapo nililala vizuri.

Na wale wachawi wa milimani jamani! Wyrd Sisters, 1988. Kama ulisoma Macbeth shuleni utaona kila kitu, mfalme ameuawa, taji limefichwa, ila safari hii hadithi iko upande wa wale wanawake watatu. Mkubwa wao Granny Weatherwax ana uchawi mwingi lakini hautumii ovyo, kazi yake kubwa ni kujua watu wanafikiri nini. Mtu akija mgonjwa anampa maji ya rangi na maneno makali na mtu anapona. Kila kijiji cha huku kwetu kina mama kama huyo, anaogopwa, na ndiye wanamkimbilia usiku mtoto akizidiwa. Hakuna mwandishi aliyewahi kunifanya nimwelewe huyo mama kama Pratchett.

KakaWaKondele

Hakuna mtu amejibu swali la pili, la huku kwetu, wacha nijaribu.

Kubwa kuliko zote ni Wizard of the Crow ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Aliandika kwanza kwa Kikuyu, Mũrogi wa Kagogo, kisha akatafsiri mwenyewe, ya Kiingereza ikatoka 2006. Watu wanaiogopa sababu ni nene na jina la Ngũgĩ linawakumbusha mitihani, lakini nawaambia hiyo kitabu ni fantasia ya kuchekesha kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kuna waziri alienda London kuongezwa macho yawe makubwa ili aonekane ni macho ya Mtawala, mwingine kuona hivyo akaenda Paris kuongezwa masikio. Kuna mpango wa kujenga mnara ufike mbinguni kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ya Mtawala, kwa mkopo. Na kuna kijana Kamĩtĩ, amesoma mpaka India na hana kazi, siku moja anakimbizwa na polisi usiku anaamua kutundika dawa na tangazo mlangoni kwamba hapo ni kwa mganga hatari, polisi anaona anatetemeka. Halafu huyo huyo polisi anarudi, sasa ni mteja, anataka dawa ya kupandishwa cheo! Mtu aliyempenda Sajenti Colon atampenda huyo konstebo.

Ya Kiswahili kuna Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, Dzombo anahukumiwa, anafungiwa kwenye chombo kinarushwa angani afe huko, badala yake anafika dunia nyingine ambayo mambo yake yamenyooka. Hiyo kicheko chake ni kikali zaidi na mafunzo ni mengi, sio laini kama ya Pratchett, lakini mawazo yake ni makubwa.

Na tukumbuke hii kitu hatukuifunzwa na Uingereza. Wajaluo tulilelewa na Apul-Apul, lile zimwi la ulafi, na hadithi zake zilikuwa zinatisha na kuchekesha pamoja, tulikuwa tunacheka tukijificha nyuma ya dani, yaani nyanya. Kinachokosekana ni mtu wa kuchukua Apul-Apul amweke Kondele, apande matatu, adaiwe nauli, kila mtu achukulie ni abiria tu ambaye ni mkubwa na analipia viti viwili. Siku hicho kitabu kitatoka nitanunua nakala za ukoo mzima.

JaNam_Kisumu

Wadau nimesoma kila neno. Mzee wa Nakuru, nilikuwa nimefika mwisho, na ile birika nilikuwa nimeiona kama utani mzuri wa kufungia, sasa nimerudi kuisoma tena na siwezi kuiona vile tena. BintiWebuye pole na nyanya, Mort nitakitafuta.

Mwalimu umetaja Jingo ukapita haraka. Ni ya nini hiyo?

MwalimuWaShinyalu

Ah, wewe mtu wa ziwa hiyo ni yako kabisa, nilipaswa kuanza nayo.

Jingo inaanza na wavuvi. Usiku, baharini, katikati ya nchi mbili, mvuvi wa Ankh-Morpork na mvuvi wa Klatch wako kwenye mitumbwi yao wakizozana kama kawaida, na chini yao kisiwa kinapanda kutoka majini. Hakina kitu, ni magofu na matope, kinaitwa Leshp. Kufika asubuhi kila mmoja anasema ni cha nchi yake. Wiki haiishi watu wa mijini ambao hawajawahi kushika hata wavu wanavaa magwanda, wanaimba, wanataka vita, na majirani waliokuwa wakiuziana chakula mtaa mmoja wanaanza kuangaliana vibaya. Sasa mbele ya hiyo yote Vimes ni polisi tu, anajua kazi moja, anauliza kosa limefanyika wapi na nani amelifanya. Na mwishowe anafanya kitu ambacho sijawahi kuona kwa kitabu kingine chochote: anayakamata majeshi yote mawili, uwanjani, kwa kosa la kupanga kuvuruga amani.

Mimi nilisoma hiyo 2009, wakati redio zote ni Migingo, Migingo. Mnakumbuka? Mwamba wa Ziwa Victoria ambao haufiki ekari moja, mabati yamebanana juu yake, wavuvi wa mbuta wa Kenya na wa Uganda wanaishi ukuta kwa ukuta, na huku Nairobi na Kampala watu wanagombania ramani. Nilifungua kitabu, nikaangalia tarehe ya kuchapishwa, 1997. Mwingereza ambaye sidhani aliwahi kusikia jina la kile kisiwa aliandika tabia yetu miaka zaidi ya kumi kabla. Ndio maana nikisikia mtu anasema vitabu vya kuchekesha ni vya kupotezea wakati naumia kabisa. Riwaya nzito juu ya mipaka nimesoma na nyingi ni nzuri, lakini iliyonifanya nielewe jinsi mtu mwema, jirani yangu, anavyoweza kuamka asubuhi akitaka vita ya kisiwa asichokijua, ni hii ya kuchekesha.

JaNam_Kisumu

Mwalimu umenimaliza. Shemeji yangu alikuwa anavua kule Migingo wakati huo. Yeye alikuwa anasema shida ilikuja na boti ya watu wenye sare, kabla ya hapo wavuvi walikuwa wanagombania injini na barafu tu, na jioni wanakula pamoja. Nataka hiyo kitabu leo. Naweza kuruka Men at Arms na Feet of Clay niende moja kwa moja?

BintiWebuye

Ruka. Utarudi.

SojaWaSection58

Usiruke ndugu yangu. Angua anaingia kwa Men at Arms, na Vimes kuna kitu kinambadilikia hapo, ukiruka utakutana naye Jingo ukadhani ni mtu mwingine. Mimi nilisoma kwa mpangilio na sijuti. Tena usiku ni mrefu, hakuna haraka.

KakaWaKondele

Mimi naungana na mzee. Ila Feet of Clay unaweza kuisoma baadaye, Men at Arms hapana, hiyo ni lazima.

Na JaNam ukimaliza hiyo Guards! Guards! yako naomba niazime, niko hapa hapa Kondele. Nitakupa Wizard of the Crow ukae nayo mpaka uchoke, maana hiyo haimalizwi wiki moja.

MwalimuWaShinyalu

Mimi nina Men at Arms nakala mbili, moja ilikuwa ya shuleni kwa klabu ya kusoma, imechakaa kidogo lakini kurasa zote ziko. Onyo moja, usiruke yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa, wanafunzi wangu huwa wanagombania nani asome hayo kwa sauti, kuna utani mle chini ambao ni hadithi kamili yenyewe. Na usitafute mahali sura inaisha ndio ulale, karibu vitabu vyake vyote vya watu wazima havina sura, utakesha tena.

Ijumaa kuna matatu ya jirani yangu inashuka Kisumu kupitia Chavakali, nitampa dereva aiache kwa steji. Nitumie ujumbe pembeni nikupe namba ya gari. Jingo ninayo pia lakini hiyo nitakuletea mwenyewe nikija kwa kikao cha walimu, sababu hiyo nataka tukae chini tuiongelee, na kama shemeji yako yuko njoo naye.

JaNam_Kisumu

Nimekutumia ujumbe mwalimu. Shemeji anasema atakuja, na anauliza kama hao wavuvi wa kitabuni walilipwa samaki wao au la.